Tangawizi Iliyongoja Zamu

Mhandisi Mcharo aliyaona majani kabla hajaufunga mlango. Yalikuwa yamelegea. Yalikuwa yamejikunja kwa urefu wake na kuinama, na katika pango zima la Shengena Mpya, chini ya mwamba wa Mirihi, hapakuwa na kijana hata mmoja aliyewahi kuona jani likifanya hivyo. Yeye aliwahi. Ndiyo maana aliushika ukingo wa tuta kwa mikono miwili.

"Mmea wa nne una kiu," ilisema sauti ya Mlezi, mashine ya kunywesha mimea, sikioni mwake, kwa adabu ileile aliyoifundisha mwenyewe alipokuwa kijana. "Mmea wa sita una kiu. Niruhusu nimwagilie."

Neno moja tu lilitakiwa. Angesema "ruksa", na mirija iliyolazwa ndani ya kila tuta ingetoa maji papo hapo, kwa kipimo cha kila mzizi, na kabla taa za mchana hazijafifia majani yangekuwa yamesimama kama askari kwenye gwaride. Mirihi nzima ilikula kwa sababu ya neno hilo.

Hakulisema. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi akalimeza, kwa sababu haya yalikuwa matuta ya watoto, saba kwa hesabu, na ndani ya kila tuta kilikuwemo kipande kimoja cha tangawizi ya mwisho iliyotoka Duniani.

Tangawizi hiyo ilikuwa ya marehemu Bibi Naetwe, mtu wa mwisho pale pangoni aliyezaliwa Upareni kwenyewe. Aliitunza kwenye sanduku la barafu maisha yake yote, na Mlezi hakuiamini hata kidogo. Alipofariki akaacha usia: ipandwe na mikono ya watoto, mashine isiiguse. Baraza likaukalia usia huo wiki mbili. Majirani wa zamani kule Duniani walikuwa wakitania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mirihi hapakuwa na ng'ombe wala kuku, lakini kesi hazikupungua. Mwisho wakakubaliana hivi: Mlezi iitazame tangawizi lakini isiinyweshe, mpaka Mhandisi Mcharo, ambaye uzeeni alikuwa amegeuka mwalimu wa kilimo wa watoto, atoe ruksa kwa mdomo wake. Na wote walijua kwamba ruksa hiyo ikishatoka haina kurudi. Mmea ukionja malezi ya Mlezi hauhangaiki tena kutafuta maji. Mizizi yake hubaki mifupi, na mbegu yake huzaa mvivu mwenzake.

"Niruhusu nimwagilie," ilirudia sauti.

"Hapana," alisema Mcharo, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Nyuma yake mlango ulifunguliwa, watoto wakaingia kwa mkupuo, mbele yao Nanzia, binti wa miaka kumi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alimwangalia mwalimu, akayaangalia majani, kisha akasimama katikati yao kama mama anayemkinga mwanawe asichapwe.

"Shikamoo Mwalimu. Usimwambie amwagilie."

"Marahaba. Nani amewanyima maji hawa?"

"Hakuna aliyewanyima. Maji yapo kwenye ndiva. Zamu tulipiga kura: leo ni ya tuta la tatu, kesho langu, la kwanza, keshokutwa la tano. Kajiru ndiye aliyekosa yake, alikuwa na homa."

"Ndiva ipi, mwanangu?"

Nanzia alinyoosha kidole. Juu ya rafu ya zana lilikuwa limekaa karai kuukuu lenye tundu pembeni, na tundu limezibwa kwa kitambaa. Kutoka kwenye tundu ulishuka mfereji wa kipande cha bomba lililopasuliwa kwa urefu, ukapita juu ya matuta yote saba, na mbele ya kila tuta palikuwa na kizibo cha udongo. Kando ya karai ulining'inia mrija mnene. Mtoto mmoja, akidhani mwalimu anataka kuonyeshwa, aliushusha akaupuliza, ukalia kama baragumu la msaragambo, la kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja.

Mcharo alikaa chini. Aliielewa yote kwa mara moja, na hakujua acheke au awachape.

Kila asubuhi yeye aliwapa watoto maji, kila mmoja kopo lake la kumwagilia tuta lake. Hiyo ndiyo ilikuwa haki, na ndiyo ilikuwa somo. Wao walikuwa wakimsubiri atoke, kisha wanamimina makopo yote saba kwenye karai, wanapiga baragumu, wanazibua kitambaa, na maji yote yanakwenda kwenye tuta moja. Tuta lenye zamu linakunywa mpaka linasaza. Mengine sita yanangoja.

"Haya mmeyatoa wapi?"

"Kwako, Mwalimu," alisema Kajiru, mvulana mpole ambaye tuta la nne lilikuwa lake. Macho yalikuwa bado mekundu kwa homa, au kwa kulia. "Ulitusimulia habari za mababu. Ukasema juu ya kila kijiji kulikuwa na bwawa, ndiva, na kila mtu na siku yake ya kufunguliwa."

Aliwasimulia, kweli. Lakini aliwasimulia kama anavyosimuliwa mtoto habari ya ndui, ashukuru kuwa imekwisha. Aliwaambia jinsi watu walivyogombana, walivyoshtakiana na kuapizana kwa ajili ya zamu. Aliwaambia jinsi walowezi wa kwanza walivyoihamishia ndiva hiyohiyo na zamu zilezile huku Mirihi, kwa kuwa mtu hukimbia shida zake na mazoea yake akayabeba. Kisha Mwaka wa Kiu, pampu kuu ilipoharibika, zamu zikarefuka, mboga zikakauka zikiwa zimesimama, na watu wakaanza kuzimia njiani. Hakuwaambia habari za Nakiete, mdogo wake wa mwisho, ambaye hakuuona mwisho wa mwaka ule. Siku walipomzika Mcharo aliapa kwamba hakuna kitakachongoja maji tena, na kiapo chake kikawa mashine. Alitia sindano nyembamba kama unywele ndani ya kila shina, isikie kiu kabla mmea wenyewe haujaisikia. Baraza likapitisha Sheria ya Kiu: kiumbe yeyote asiachwe na kiu, awe mtu au mche. Shengena Mpya ikashiba, na jina la Mcharo likaimbwa shuleni.

Kitu kimoja tu hakikuimbwa. Nyanya za Mlezi zililingana kama tofali zilizofyatuliwa kwenye kibao kimoja, na ukizila unakumbuka kwamba umekunywa maji. Tangawizi ya Mlezi ilikuwa nene, nyeupe na safi, na chai yake ilikuwa na ladha ya chai iliyopita jirani na tangawizi. Wazee walinung'unika kidogo. Halafu wakaamua kuwa ni ndimi zao zimezeeka.

"Tulianza kwa kucheza tu," alisema Nanzia. "Halafu nikachimba kwa kidole. Kopo moja la kila siku linaishia hapa juu, chini pakavu. Lakini karai zima linakwenda mpaka chini kabisa, na mizizi inalifuata. Chimba, Mwalimu, uone."

Mcharo alipiga magoti, mhandisi mkuu mwenye mvi, akachimba pembeni mwa tuta la tatu kwa kidole, kisha kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Mizizi ya Mlezi aliijua: ilikuwa kishada kifupi kilicholala karibu na mrija kama paka karibu na jiko. Hii ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imepenya, imekwepa jiwe, imegawanyika na kushuka tena, na huko chini mkono wake uligusa ubichi. Aliuacha mkono pale kwa muda mrefu. Maisha yake yote hakuwahi kuona mmea ukitafuta kitu.

"Ni kazi nzuri," alisema, na alimaanisha. "Lakini la nne linaweza kufa."

"Linaweza," alisema Nanzia.

"Mmea wa nne una kiu," ilisema Mlezi. "Niruhusu nimwagilie."

"Ngoja," alisema Mcharo.

"Amri hiyo haipo," ilijibu mashine kwa upole.

Na kweli haikuwepo. Alikuwa ameitengeneza ijue "ruksa" na "hapana", basi.

*

Kiongozi wa maji wa Shengena Mpya alikuwa Mama Namkunda Mgonja, mwenyekiti wa ndiva kuu, mwanamke mrefu aliyezoea kuingia mahali pote bila kubisha hodi kwa kuwa maji nayo hayabishi. Mlezi ilikuwa na desturi nyingine aliyoitia Mcharo mwenyewe: ikikataliwa mara nyingi mno, humpelekea mwenyekiti habari. Mama Namkunda alifika siku ya pili yake. Kwa bahati mbaya siku hiyo pango zima lilikuwa kwenye msaragambo wa kusafisha ndiva kuu, maji ya shule yalikuwa yamepunguzwa, na karai la watoto halikufika hata nusu. Alifika na matope magotini, ufagio mkononi, na uso wa mtu aliyekatishwa kazi.

"Kaka Mcharo," alisema toka mlangoni, "hivi ninavyoona mimi, au macho yangu yana vumbi? Wewe, wa kuvunja Sheria ya Kiu?"

"Hujambo, dada. Shusha sauti kidogo, kuna kesi."

"Kesi gani?"

Mcharo alimwonyesha. Watoto saba walikuwa wameketi duara kwenye sakafu, na hakuna aliyegeuka kumsalimu mwenyekiti, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa kesi yake yenyewe. Kajiru alikuwa amesimama.

"Sikukosa zamu kwa uvivu," alikuwa akisema. "Nilikuwa kitandani. Mkisema zamu iliyopita imepita, ningoje tena mzunguko mzima, mche wangu utakauka. Naomba maji ya leo."

"Ya leo ni ya Nanzia," alisema mwingine. "Tukimfungulia mgonjwa mmoja, kesho wote tutaumwa."

"Mimi sikujifanya."

"Wewe hukujifanya. Mimi nitajifanya."

Mama Namkunda aliuegemeza ufagio ukutani.

Nanzia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ndiva ya karai, na alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mahali pa heshima. Alinyanyuka. "Siwezi kuamua kesi ya maji yangu mwenyewe," alisema, akaondoka kwenye ndoo, na kumkalisha pale mtoto mdogo kuliko wote, kibinti chenye pengo, ambacho zamu yake ilikuwa mbali na hivyo hakikuwa na cha kupata wala kupoteza.

"Nimeendesha kesi za maji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alinong'ona Mama Namkunda. "Sijaona mtu mzima akitoka kwenye kiti kwa hiari yake."

Kibinti kilisikiliza, kikakuna kichwa, kikauliza kama maji yanaweza kugawanywa nusu kwa nusu. Wakakijibu kuwa nusu haitafika chini, yatalowana matuta mawili na yasinywe hata moja. Kikauliza la Nanzia lina hali gani. Wakasema linaanza kujikunja. Mcharo aliona aibu kukumbuka mabaraza aliyowahi kukaa ambako watu walisema saa nzima bila kuuliza swali.

"Zamu ni ya Nanzia," kilisema hatimaye. "Kajiru hana haki. Pole, Kajiru."

Kajiru alikaa chini, akaificha sura yake magotini.

"Basi ni yangu kweli?" aliuliza Nanzia. "Mmeamua? Hakuna wa kukata rufaa?" Vichwa vilitikiswa. "Kama ni yangu, namwazima Kajiru. Atanirudishia yake ikifika."

"Nanzia," alisema Mcharo, "zamu ya Kajiru iko mbali. Mche wako utakaa na kiu karibu mara mbili."

"Najua, Mwalimu."

"Unaweza kuupoteza."

"Najua." Aliutazama mche wa Kajiru. "Wake umefika mwisho kabisa. Wangu bado una pa kwenda."

Baragumu lililia, kitambaa kikazibuliwa, na maji machache ya siku ya msaragambo yakapita mbele ya tuta la Nanzia bila kusimama, yakaenda la nne. Nanzia alishika kizibo cha tuta lake kwa mikono miwili mpaka tone la mwisho lilipopita. Mcharo alikuwa akimstahi mtoto yule kama alivyowastahi watu wachache sana.

Mama Namkunda alimvuta pembeni. "Nimeona, na nimefurahi, na sasa tuseme ya watu wazima. Sema ruksa, kaka. Tangawizi ya mwisho si ya kuchezea. Nakiete angekuambia nini akiona majani yale?"

Hilo lilimpiga pale lilipokusudiwa. Mcharo alikuwa na chupa yake ya maji mfukoni. Kwa muda aliiwazia, halafu akawaza neno la ruksa, lilivyo jepesi. Majani yangesimama. Nanzia angelala bila kulia. Na mizizi ile iliyokuwa ikishuka gizani ingesimama ilipo, maana isingekuwa na sababu tena ya kushuka, na watoto nao wangejua kwamba kesi yao ilikuwa mchezo tu, mkubwa alikuwa mlangoni muda wote na ndoo mkononi.

"Nakiete alikuwa mtoto, na alikufa kwa maji ambayo hayakuwepo," alisema. "Hapa anayengoja ni jani. Watoto wanakunywa, wanashiba, na wanajua wanachofanya kuliko mimi nilivyojua nikiwa na umri wao. Siwezi, dada. Nisamehe."

Mama Namkunda aliuchukua ufagio wake. "Basi nisikilize. Tuta moja likifa, moja tu, kitalu hiki kinakwenda kwa Mlezi siku hiyohiyo, na wewe utasimama barazani uwaeleze watu umeua nini. Hiyo siyo hasira. Hiyo ni sheria."

"Nimesikia."

"Na kile kibinti chenye pengo ni mtoto wa nani?"

*

Tuta la nne lilipona. La Nanzia halikupona.

Kajiru alilipa deni lake siku ilipofika, kabla hata hajaombwa, na maji yakaenda kwa Nanzia mpaka yakasaza. Lakini njano ilikuwa imeshaingia kwenye ncha za majani, na haikutoka. Ilishuka polepole. Jani la chini likakauka, kisha la juu yake, kisha shina lenyewe likalegea, likalala juu ya udongo. Mcharo alikuwa mtoto wa karakana. Alikulia kati ya pampu na nyaya, na tangawizi aliijua kwenye kikombe tu. Alipoyagusa majani yale yaliyokauka yakavunjika mkononi, aliurudia Mwaka wa Kiu wote kwa siku moja.

"Mmea wa kwanza umekufa," ilisema Mlezi. "Niufute kwenye hesabu?"

Mcharo alikaa kando ya tuta akajilaumu kama mtu aliyeacha mlango wazi mwizi akaingia. Uzee wake wote wa kufundisha, usia wa Bibi Naetwe, mizizi ile aliyoishangaa, vyote alikuwa amevitupa kwa kupenda tabia ya mtoto. Na kibaya zaidi, la pili na la saba nayo yalianza kuingia njano.

Mama Namkunda hakuwa mtu wa kuchelewa. Alikuja asubuhi, safari hii bila ufagio, na watoto wakasimama mstari mmoja ukutani. Hakuonekana kuifurahia kazi yake.

"Toa ruksa kwa yaliyobaki, kaka," alisema taratibu. "Hili la kwanza litolewe."

"Acha nilitoe mwenyewe," alisema Nanzia. "Nililipanda mwenyewe."

Alipiga magoti. Hakutumia jembe, aliukwangua udongo kwa mikono kama anayefukua kitu kilicholala usingizi. Kajiru alikwenda akapiga magoti upande wa pili bila kuambiwa, akachimba pamoja naye. Walichimba mpaka mikono ikakutana chini, kisha wakaacha kuchimba, wakatazamana.

"Mwalimu," alisema Kajiru, "huku chini hakujafa."

Waliinua. Udongo ukaanguka, na mikononi mwa Nanzia kikabaki kitu ambacho hakikufanana na tangawizi yoyote waliyoijua. Haikuwa nene wala nyeupe. Ilikuwa imejifinyanga vidole vingi vilivyoshikana, ngozi yake ngumu, ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na mahali palipochunika harufu ilitoka ikajaza kitalu kizima. Mama Namkunda alipiga chafya. Akapiga nyingine.

"Haijafa," alisema Mcharo. Aliigusa ile ngozi ngumu. "Imekomaa. Majani yamemaliza kazi yake, yameondoka. Mlezi haijawahi kuacha hata mmea mmoja ufike hapa, ndiyo maana hali hii inaiita kifo." Alianza kucheka na akashindwa kuendelea. Miaka yote ile alikuwa akivuna watoto wachanga.

Nanzia alivunja kidole kimoja. Kilivunjika kwa mlio, nyuzi zikabaki zimening'inia. Alikiuma kabla hajakatazwa, akatafuna mara mbili, macho yakamtoka, akakohoa mpaka machozi yakamshuka mashavuni.

"Imeharibika," alisema, akishika koo. "Mwalimu, inachoma. Nimeiharibu."

Mcharo alikipokea kipande kutoka mkononi mwake na kukitia kinywani. Ilichoma. Ilimpanda puani, ikamshika kooni, ikashuka kifuani na kukaa pale kama moto wa kuni, na katikati ya moto ule alikuwepo mama yake amesimama jikoni, sufuria ya chai mkononi, akimwambia Nakiete apulize kwanza. Alikuwa ameisahau sauti hiyo. Alilia mbele ya watoto wote na hakuona haya.

"Haijaharibika, mwanangu," alisema alipoweza. "Hivi ndivyo ilivyo. Sisi ndio tulioiharibu, na wewe ndiye uliyeirudisha."

Walichemsha chai palepale, kwenye jiko la maabara. Mama Namkunda alikunywa kwa funda ndogondogo. Alipomaliza alikitazama kikombe, akakirudisha ajaziwe tena, na alipokimaliza cha pili jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Sasa ifundishe Mlezi," alisema. "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Ipe kiu ya kipimo, ipe hiyo njano, kila kitu. Kila tuta la Shengena Mpya lizae hivi, na sheria tutaiandika upya."

Kazi hiyo Mcharo angeimaliza kwa muda mfupi, na moyo wake wa kihandisi ulikuwa umeshaanza kuipanga. Angeshangiliwa upya. Aliitaka sana, na kuitaka kwenyewe kulimfanya asite.

"Kwa matuta ya chakula, nitaifundisha," alisema. "Watu wale vizuri, ni haki yao. Lakini siyo hapa. Siku ile ya msaragambo Mlezi ingekuwa na kipimo chake, ingewapa wote sawasawa, Kajiru asingeomba na Nanzia asingeazima. Tungepata tangawizi hiihii. Hawa tusingewapata." Aliwatazama wale saba, ambao walikuwa wakipokezana kikombe kimoja, kila mmoja akikohoa na kumcheka mwenzake. "Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nililea mimea kwa hofu yangu, dada, na nusura nilee watoto vilevile."

Mama Namkunda alifikiri. "Sheria ya Kiu haina kifungu cha kitalu cha watoto. Itabidi tukiombe barazani. Watabishana mwaka mzima."

"Waache wabishane. Chai ipo."

Alicheka, akanyanyuka, na kwa mara ya kwanza akatoka akiwa amewaaga watoto mmoja mmoja kwa majina.

Mcharo alibaki. Alimsubiri Nanzia amalize kukata mbegu, kila kidole chenye jicho pembeni, kisha akamwendea, akasimama mbele ya ile ndoo iliyopinduliwa kama mtu mwenye shauri.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba tuta."

Nanzia alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa anamtania. Akageuka kushauriana na wenzake, wakanong'onezana kwa muda, kibinti chenye pengo kikatikisa kichwa mara mbili kabla hakijakubali.

"Utakuwa wa nane," alisema Nanzia. "Wa mwisho. Na maji ukikosa, hupewi kwa kuwa ni mwalimu."

"Sawa. Na mche wangu ukifa kweli?"

Nanzia alilitazama shimo lililokuwa tuta lake, kisha akamtazama mzee usoni, kwa huruma.

"Utalia," alisema. "Mimi nililia kila siku. Halafu asubuhi unakuja kuangalia wa mwenzako." Akamkabidhi jembe.